Barua ya wazi kutoka Malindi: Ushuru mliotuondolea, wengi wetu hatukuwa tukiulipa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha, kwa Kamati ya Fedha na Mipango ya Bunge la Taifa, na kwa mbunge wetu wa Malindi.

Waheshimiwa,

Mimi ni mzee wa miaka 66, mkazi wa Maweni, Malindi, pwani ya Kenya. Kwa miaka 27 nilikuwa karani wa mishahara katika hoteli moja ya ufuoni, nikastaafu mwaka 2019. Kila mwisho wa mwezi kazi yangu ilikuwa kupiga hesabu ya PAYE, yaani ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara, ya wenzangu, kuanzia meneja hadi kijana wa kusafisha bwawa la kuogelea, na kuhakikisha pesa zimefika serikalini kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kwa hivyo habari za ushuru sikuhadithiwa. Nimeukata kwa mkono wangu, nikaona nyuso za waliokatwa.

Kwanza nawashukuru. Sheria mliyoipitisha mwaka jana, iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024, imeondoa ushuru wa mapato kwenye pensheni ya kila aliyefikia umri wa kustaafu, na ya aliyeacha kazi kwa ugonjwa, na ya aliyekaa kwenye mfuko wake wa pensheni miaka 20. Tena imempandishia mfanyakazi akiba ya uzeeni isiyotozwa ushuru, kutoka shilingi 20,000 kwa mwezi hadi 30,000. Ni sheria njema na sitaki ifutwe hata herufi moja.

Ila nataka mjue ilivyopokelewa huku kwetu.

Ilipotangazwa redioni, mwenzangu mmoja aliyekuwa mpishi katika hoteli ileile alinijia asubuhi kwa baiskeli, hata chai hajanywa. Mkononi ana karatasi ya kampuni inayomlipa pensheni, imekunjwa mara nne, imeanza kupasuka kwenye mikunjo. Akaniita vile alivyokuwa akiniita kazini: "Karani, hebu nipigie hesabu. Mwezi ujao wataniongeza ngapi?" Mkewe alikuwa ameshampa mahitaji: miwani yake, na mlango wa nyuma ulioliwa na chumvi ya bahari. Nikavaa miwani yangu, nikashika kalamu. Pensheni yake ni shilingi 11,200 kwa mwezi. Nikatafuta mstari wa ushuru. Sufuri. Nikamwuliza kama ana karatasi ya mwaka uliotangulia. Akaitoa kwenye mfuko wa shati. Sufuri pia. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hawakuwa wakikukata kitu. Hapana cha kukurudishia." Alinyamaza, akaikunja karatasi yake polepole kwenye mikunjo ileile, akaniomba nisimwambie mkewe. Atamwambia mwenyewe.

Waheshimiwa, nyinyi mnaijua sheria ya zamani, lakini wengi watakaoisoma barua hii hawaijui, basi niiseme. Kabla ya Desemba ile, mstaafu aliyekuwa hajatimiza miaka 65 alikuwa hatozwi ushuru kwenye shilingi 25,000 za kwanza za pensheni yake ya mwezi. Akishatimiza 65, pensheni yake yote ya mwezi ilikuwa haiguswi. Kwenye kiinua mgongo nako, yaani malipo ya mkupuo ya kustaafu, aliyetumikia miaka 10 au zaidi aliachiwa shilingi 600,000 za kwanza. Kwa maneno mengine, mpishi wangu, na dobi, na askari wa geti, na mimi mwenyewe kwa pensheni ya mwezi, tulikuwa nje ya ushuru huo tangu zamani. Aliyekuwa ndani ni yule ambaye hajatimiza 65, mwenye pensheni ya shilingi 100,000, ambaye 75,000 zake zilikuwa zikitozwa. Yeye amepata nafuu kubwa. Simwonei kijicho, alifanya kazi na alichangia. Lakini msituhesabu sisi pamoja naye mnaposema wastaafu wamepumzishwa.

Sisi tunatozwa. Tunatozwa mahali pengine, na ndiko ninakotaka muangalie.

Nitawapa hesabu yangu mwenyewe, kwa kuwa ndiyo ninayoijua na sina cha kuficha. Nilipostaafu mfuko wangu ulikuwa na shilingi 2,400,000. Kwa kanuni za mifuko ya pensheni nikaruhusiwa kuchukua theluthi kwa mkupuo, yaani 800,000. Sheria ya wakati ule ikaniachia 600,000, zile 200,000 zikatozwa asilimia 10, nikakatwa 20,000. Huo ndio ushuru pekee wa pensheni niliowahi kulipa. Theluthi mbili zilizobaki, 1,600,000, zikanunua malipo ya mwezi ya maisha kutoka kampuni ya bima: shilingi 14,800. Nilionyeshwa karatasi yenye njia mbili, moja ya malipo yanayoanza chini na kupanda kila mwaka, nyingine ya malipo yasiyobadilika lakini yanayoanza juu kidogo. Binti yangu wa mwisho alikuwa chuoni. Nikachagua ya pili. Leo ni mwaka 2025 na bado ni 14,800, wala haitapanda nikiishi hata miaka mia. Tuktuk kutoka kwangu hadi sokoni ilikuwa shilingi 30 wakati ule. Sasa ni 50.

Kile kiinua mgongo nilikitumia kama watu wengi wanavyofanya. Nilibadilisha paa la makuti nikaweka mabati, nikamaliza karo ya binti, nikalipa deni la marehemu ndugu yangu. Nikabaki na shilingi 400,000, nikaziweka benki kwenye akaunti ya muda maalumu, ndiyo bima yangu ya ugonjwa na sanda yangu. Mwaka jana zilizaa asilimia 8, yaani 32,000. Nilipokwenda kuchukua, nikapewa 27,200. Shilingi 4,800 zimekwenda kwa ushuru wa zuio, ule ambao benki huukata kabla ya kukupa faida yako, asilimia 15.

Naomba msiipite haraka hesabu hii. Shilingi 4,800 ni karibu theluthi ya pensheni yangu ya mwezi mmoja. Na nilipouliza kama naweza kujaza fomu nirudishiwe, jibu nililijua kabla sijafungua mdomo, maana nilikuwa nikiwajibu wengine vivyo hivyo: kwa mtu binafsi, ushuru huo wa faida ya akiba ni wa mwisho. Ukishakatwa, basi. Hauangalii umri wako wala jumla ya mapato yako. Unaanza kwenye shilingi ya kwanza.

Sasa niweke karibu na kijana aliyeajiriwa leo hotelini kwa mshahara wa shilingi 24,000. Yeye ana nafuu ya kibinafsi, yaani punguzo la ushuru, ya shilingi 2,400 kila mwezi, na hiyo inaufuta ushuru wake wote. Halipi PAYE hata ndururu, na ni sawa, nani angetaka alipe? Kwa mwaka mapato yake ni 288,000. Yangu mimi, pensheni na faida ya benki pamoja, ni 209,600. Mwenye 288,000 hatozwi ushuru wa mapato. Mwenye 209,600, mwenye mvi na magoti mabovu, anatozwa. Nimekaa miaka 27 mbele ya vitabu vya mishahara na bado sijapata namna ya kulieleza jambo hili likaeleweka barazani. Wazee wenzangu huniuliza: si ulisema pensheni haitozwi? Nawaambia pensheni haitozwi, ila ukiiweka mahali salama ikazaa, kilichozaliwa kinatozwa.

Wenye pesa nyingi wana mlango wao. Huikopesha serikali kwa kununua hati fungani zake za miundombinu, ambazo sheria imeiachia faida yake bila ushuru. Anayejua, anapita hapo. Mwalimu mstaafu wa Gede au baharia mstaafu wa Mambrui hajui, na ukimweleza anaogopa kufunga pesa zake miaka mingi ilhali presha inaweza kumpandia kesho. Anaziweka benki iliyo mtaani, anapoweza kwenda kwa miguu na kuona jengo kwa macho. Huyu mwenye tahadhari ndiye anayekatwa. (Wako pia ndugu zetu Waislamu ambao hawaigusi riba kabisa kwa sababu ya dini. Wengi wao wameweka kiinua mgongo chao kwenye mbuzi, mashua au chumba cha kupangisha, na hao wana mitihani yao mingine.)

Ninachoomba hapa si kikubwa. Mtu aliyetimiza miaka 60, ambaye pensheni yake pamoja na faida ya akiba yake havifiki 288,000 kwa mwaka, asikatwe ile asilimia 15. Au akikatwa, arudishiwe. Msiniambie njia hakuna. Watu wenye ulemavu wanapewa cheti cha msamaha, na mapato yao hadi shilingi 150,000 kwa mwezi hayatozwi. Cheti cha namna hiyo kinaweza kutengenezwa kwa mstaafu wa kipato kidogo. Umri wake uko kwenye kitambulisho, PIN yake, nambari yake ya ushuru, mnayo, na kampuni inayomlipa pensheni inaweka kumbukumbu za kila shilingi. Kazi ya kuvikutanisha hivyo vitatu ni ya makarani, na nawahakikishia makarani wanaiweza.

Sasa nimseme jirani yangu, kwa idhini yake, bila kumtaja jina. Yeye hana hata hiyo benki ya kulalamikia.

Alikuwa akitandika vitanda hotelini kwa miaka 22. Lakini mnajua kazi ya Malindi ilivyo. Kaskazi ikivuma wageni wanajaa, Waitaliano na wengineo, kila chumba kina mtu. Masika ikiingia na kusi ikianza, hoteli zinafunga au zinabaki na watu wachache, na mwenye mkataba wa msimu anarudi nyumbani mpaka aitwe tena. Yeye alikuwa akifanya kazi kama miezi minane kwa mwaka. Katika miaka hiyo, kabla ya sheria mpya ya NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi, kuanza kutekelezwa Februari 2023, mchango ulikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri kwa mwezi. Nilimpigia hesabu hiyo pia: 400 mara miezi 8 mara miaka 22 ni shilingi 70,400, ukiacha faida. Alipotimiza miaka 60 akalipwa kwa mkupuo, na hiyo ndiyo pensheni yake yote. Mfuko wa hoteli ulikuwa wa wafanyakazi wa kudumu. Yeye hakuwahi kuwa wa kudumu hata siku moja.

Leo anapika mahamri alfajiri na kuuza mlangoni kwake. Nilikaa naye wiki iliyopita akanionyesha. Mahamri anayakaanga kwa mkaa, lakini chai ya wateja anaipikia stovu ya mafuta taa, kwa sababu ni haraka na stovu ni yake tayari. Mafuta anatuma mjukuu akanunue nusu lita, mara nyingine robo, kwenye chupa ya soda. Kwenye kila lita ya mafuta taa mna tozo ya shilingi 18 iliyowekwa mwaka 2018 ili kuzuia wachakachuaji wasichanganye mafuta taa na dizeli. Kwa hivyo kwenye nusu lita yake mna shilingi 9 za kumzuia asifanye kosa ambalo hana lori wala tangi la kulifanyia. Juu yake kuna VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, ambayo kwenye mafuta mliipandisha Julai 2023 kutoka asilimia 8 hadi 16. Andazi moja analiuza shilingi 10. Nusu lita moja, na andazi moja karibu lote limekwenda kwenye tozo hiyo peke yake.

Najua mtasema gesi ya kupikia mmeiondolea VAT. Ni kweli, na ni vizuri. Mtungi wenyewe nani atamnunulia? Anapouliza bei ya kujaza anaambiwa jumla, si kwa nusu lita. Maskini ananunua kidogo kidogo kwa sababu pesa zinamjia kidogo kidogo.

Mwanawe yuko Mombasa, anamtumia pesa kwa simu akipata. Akienda kuzitoa analipa ada, na ndani ya ada hiyo mna ushuru wa bidhaa wa asilimia 15. Mafuta ya kukaangia yana VAT. Sabuni ina VAT. Tokeni ya umeme, akisomewa ujumbe wake, ina mstari wa VAT na mistari mingine ambayo hata mimi ilinichukua muda kuielewa. Huyu mama hajawahi kujiona kama mlipa ushuru. Aliniambia, "Mimi silipi ushuru, mimi sina kazi." Nilipomweleza alishika shavu. Ana miaka 64. Pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni za waliotimiza 70. Miaka sita ya kusubiri, kwa mtu anayeamka saa tisa usiku kukanda unga.

Kwake yeye naomba mambo mawili. Tozo ile ya mafuta taa iangaliwe upya, itafutwe njia ya kuwabana wachakachuaji wenyewe kwenye malori na maghala yao, si kwenye chupa ya soda ya mjukuu. Na umri wa Inua Jamii ushushwe kwa mtu aliyefikia 60 akiwa hana pensheni yoyote ya mwezi. Wafanyakazi wa msimu wa pwani nzima, kuanzia hoteli za hapa na Watamu hadi mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, wataingia hapo. Walifanya kazi. Hawakuwa wavivu hata kidogo. Kazi yenyewe ilikatika kila mwaka pepo zilipogeuka.

Jambo dogo lingine, kwa kuwa ni Juni. Sheria inataka kila mwenye PIN ajaze ritani, ile fomu ya mapato ya kila mwaka, kufikia tarehe 30, hata kama ni ya sufuri, na anayechelewa anapigwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Wiki hizi foleni kwenye saiba za mjini zina wazee wengi wenye mkongojo, wanalipa vijana wawajazie kwamba hawana kitu. Mimi nawajazia majirani bure, nimeshajaza kumi na wawili. Mtu ambaye mapato yake yote ni pensheni isiyotozwa aondolewe wajibu huo mara moja na kwa moyo mkunjufu. Mnajua tayari kwamba hadaiwi.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema wazee waishi kwa heshima na wapate matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Kifungu cha 201 kinasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Vifungu hivyo nimevisoma mara nyingi. Nasoma 201 nikiwa na risiti yangu ya benki mkono mmoja na hesabu ya yule kijana wa 24,000 mkono wa pili, na siioni haki inayotajwa.

Mswada wa Fedha huja kila mwaka, na kila mwaka kamati hutangaza gazetini kwamba inapokea maoni. Tangazo huwa la Kiingereza, muda ni mfupi, na wazee wengi wa huku hawanunui gazeti. Naomba mwakani mje Malindi, na mtangaze kwa Kiswahili kwenye redio za pwani wiki mbili kabla, na mkutano uwe asubuhi kabla jua halijawa kali. Mkinipa siku, nitawakusanya wastaafu mimi mwenyewe. Nakala za risiti zangu za benki za miaka mitatu nimeziambatisha kwenye barua itakayofika ofisini kwenu kwa posta, nikiwa nimeficha nambari za akaunti tu. Mpishi ameniahidi atakuja na karatasi yake.

Wenu mtiifu,

Karani wa mishahara mstaafu
Maweni, Malindi
Juni 2025